Bolti za Mama

Juzi niliingia duka la vyuma hapa Garissa kununua bolti. Bawaba ya lango letu ilikuwa imelegea, lango likawa linataka kuangukia watoto, na mimi si mtu wa kungoja fundi wa kesho ya kesho. Kijana mwenye duka, ambaye ndevu zake ndiyo kwanza zinatafuta pa kuota, alilitazama buibui langu kutoka juu hadi chini kisha akauliza, "Mama, umetumwa na nani?" Nikamwambia nimetumwa na bawaba. Hakucheka. Alinishauri nimpigie mzee simu nyumbani anitajie saizi, kwa sababu akina mama, alisema, hununua wasichokijua kisha wanarudi kumsumbua. Bolti ya mfano nilikuwa nimeishika mkononi. Nilikuwa nimekwisha kumwambia ni ya spana kumi, ile ndefu, pamoja na nati na washa zake.

Nilinunua, maana bawaba haijui kwamba nimekasirika. Lakini nilitoka mle ndani nimefura, na si kwa ajili ya yule kijana peke yake. Ilikuwa ile harufu ya duka, oili juu ya chuma kipya na mpira wa tyubu. Harufu hiyo hunipeleka moja kwa moja hadi kwenye kile kipindi mama alipokaa eda, na nikifika huko hasira yangu huwa bado mbichi. Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Sawa, hayazoleki, lakini aliyeyamwaga anajulikana.

Ninyi wa rika langu mliokulia kwenye bula zetu, yaani mitaa ya hapa Garissa, bila shaka mnalikumbuka lile gari lililokaa kiwanjani kwa bibi yangu, ndani ya ua wa miiba, na jinsi mlivyokuwa mkija kuchungulia dirishani. Kwa wasiolijua, lilikuwa gari la kuishi, la aina ile ambayo Wazungu husafiri nayo wakiwa na kitanda, jiko na sinki humo humo ndani. Lilikuwa limezeeka kabla halijafika kwetu. Wenyewe walikuwa mume na mke wanaoizunguka Afrika, na gari likawafia mchangani kwenye njia ya Wajir. Baba yangu alikuwa akipita na lori lake la mbuzi. Akalinunua pale pale, akalikokota hadi Garissa, akaifufua injini, na alipomwoa mama ndimo alimomwingiza.

Mama alikuwa Mborana wa upande wa Wajir. Hapa mjini hakuwa na ndugu wala jamaa. Baba na watu wake ni Wasomali wa Garissa tangu na tangu. Bibi yangu, mama yake baba, tulimwita Ayeeyo. Mama alisema Kiborana, Ayeeyo alisema Kisomali, nao wakakutana katikati kwa Kiswahili cha sokoni, ambacho kinywani mwa Ayeeyo kilikuwa na ngeli moja tu na hakikuwa na herufi ya p kabisa. Walielewana vizuri kuliko watu wengi niliowaona wakiongea lugha moja.

Siku mama alipoletwa kama bi harusi, Ayeeyo alilizunguka lile gari, akapanda, akajaribu kitanda, akafungua na kufunga mlango, akashuka, akatoa hukumu mbele ya wanawake wote waliokuja na mikeka na vibuyu vya maziwa. "Hii ni aqal," alisema. Aqal ni nyumba yetu ya kuhama, ya fito zilizopindwa na mikeka, ambayo mwanamke huijenga, huifunga kwa kamba, na siku ya kuhama huifungua na kuipakia juu ya ngamia. Ni mali yake. Mume hulala humo kwa hisani ya mkewe, na wakiachana hutoka na fimbo yake. Mmoja wa wanawake alicheka akasema kitu chenye magurudumu hakiwezi kuwa aqal. "Kitu inalala watu na inahama ni aqal," Ayeeyo akamjibu. "Ngamia yake iko mbele, inakula dizeli. Mimi sioni tofauti." Husimuliwa kwamba baba alicheka hadi akashika mbavu, kisha akatamka mbele ya wote waliokuwapo kuwa nyumba ni ya mke wake na yeye ni dereva tu. Hayo yalisemwa hadharani. Naomba mlikumbuke hilo, kwa sababu baadaye wanaume wazima walijifanya hawakulisikia.

Nilizaliwa ndani ya nyumba hiyo na nilikuwa bado sijaanza kupoteza meno ya utoto baba alipofariki, kwa homa aliyorudi nayo kutoka Mandera. Mama alivaa nguo nyeupe za eda na kukaa ndani ya ua, kama ilivyo sheria. Mjane hukaa katika nyumba alimoachwa na mumewe mpaka eda iishe, na katika muda huo hakuna wa kumtoa.

Hapo ndipo alipoanza kuja Adeer. Adeer maana yake ni baba mdogo, na kwetu baba mdogo humrudishia mtoto jina lile lile, kwa hiyo yeye aliniita adeer na mimi nikamwita Adeer, nikaona tumekuwa sawa. Alikuja kila siku baada ya sala ya alasiri. Alikuwa mtu nadhifu, kanzu imepigwa pasi, mfukoni ana kipande cha halwa kilichofungwa kwa karatasi, na hakukisahau hata siku moja. Akishanipa halwa, alianza kuizunguka nyumba polepole. Aligonga bati kwa vifundo vya vidole, akainamisha sikio, akasikiliza, akasogea kwenye bati linalofuata, akagonga tena.

Mimi nilidhani anamwomboleza kaka yake. Nilimwona mama akilia, nilimwona Ayeeyo akilia, lakini sikuwahi kumwona Adeer akilia, nikasema moyoni kuwa huku ndiko kulia kwake. Nilidhani anabisha ili baba amwitikie kutoka ndani. Wakati mwingine niliingia mbio na kukaa upande wa pili wa bati alilokuwa akiligonga, nikagonga na mimi kwa ndani, ili asione uchungu kwamba hakuna anayemjibu. Nilimpenda sana. Nikilikumbuka hilo, hata leo nikiwa na watoto wangu mwenyewe, najisikia kutukana.

Nyumba yenyewe ilikuwa inahitaji kugongwa. Msimu wa upepo ulikuwa umeingia na mabati ya ubavuni yalianza kupiga makofi. Mabati yake yalikuwa ya alumini, bolti zilikuwa za chuma, na vitu hivi viwili vikikaa pamoja miaka mingi, vikapata unyevu kidogo, hulana. Ongeza barabara zetu. Zile nyuzi zinazozunguka bolti, ambazo ndizo zinazoshika, zilikuwa zimelika kabisa. Ukikaza, bolti inazunguka tu kama mtu asiye na nia. Nyingine ungezichomoa kwa vidole. Upepo ukivuma, bati la upande wa kitanda lilikuwa linafunguka na tunaona nje, na mama alilifunga kwa kitambaa.

Fundi mmoja aliitwa, akatazama, akasema dawa ni ribiti, pini zisizo na nyuzi wala nati. Akaeleza kuwa ribiti ukiipiga imepigwa, haina kulegea, kazi ya asubuhi moja na mama anasahau kabisa habari ya bati. Adeer alikuwapo. Aliunga mkono kwa mikono miwili. Ayeeyo ndiye aliyekataa.

"Na siku ya kufungua?" alimuuliza fundi.

"Ya nini kufungua, mama? Ribiti haifunguki. Labda uikate."

"Basi hiyo ni ya sufuria," Ayeeyo alisema. "Nyumba ya kuhama lazima fundo ifunguke. Siku ya kuhama huyu atafanya nini, akate nyumba yake na banga?"

Fundi akacheka, akachukua mfuko wake wa vyombo akaenda. Mama akasema ataifanya kazi hiyo mwenyewe. Eda ilikuwa imemfungia ndani ya ua, mikono haikuwa na shughuli, na nafikiri alihitaji kitu cha kukaza.

Bolti tulikwenda kununua mimi na Ayeeyo, kwa kuwa mama hakuruhusiwa kutoka. Ayeeyo alifunga bolti kuukuu kwenye ncha ya mtandio wake, na dukani akaifungua na kuiweka juu ya meza bila maneno, akangoja bolti hiyo iletewe ndugu zake wapya, warefu kuliko yenyewe. Tukarudi na bolti, nati na washa katika mkebe wa maziwa ya unga, zikipiga kelele njia nzima.

Kazi ilikwenda hivi. Asubuhi mama alidondosha mafuta ya taa kwenye bolti za zamani, akaziacha zinywe mpaka adhuhuri. Zilizokubali zilitoka kwa spana. Zilizokataa alizikata kichwa kwa msumeno wa chuma. Kule ndani kulikuwa na nati za Wazungu zilizochomelewa kwenye mifupa ya nyumba, nazo nyuzi zake zilikuwa zimekufa kama za bolti zenyewe, kwa hiyo alizitoboa kwa drili ya mkono ya baba, akapitisha bolti ndefu kutoka nje hadi ndani na kuifungia nati mpya kwa nyuma. Kati ya chuma na alumini aliweka kiduara cha mpira alichokikata kwa mkasi kutoka kwenye tyubu kuukuu, visikutane vikaanza tena kulana. Na kila bolti kabla haijaingia ilipita mikononi mwa Ayeeyo, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka na kibakuli cha mafuta ya mkia wa kondoo, akizipaka nyuzi zake mafuta kwa kidole kama anayempaka mtoto mchanga. Kamba za aqal alikuwa akizipaka vivyo hivyo zamani, alisema, ili zisikauke zikagoma siku ya safari.

Mimi nilikaa ndani. Kazi yangu ilikuwa kushika nati kwa spana ili isizunguke wakati mama anakaza kutoka nje. Hatukuonana, tulisikilizana kupitia ukutani.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

"Inazunguka?"

"Haizunguki."

Kuna nyakati alisimama katikati ya kukaza. Spana yangu ilibaki imeuma nati, na kupitia kile chuma nilihisi mkono wake ukitetemeka upande wa pili. Nilijua analia, na nilijua pia kwamba alikuwa amechagua upande wa nje ili nisimwone. Nikangoja. Baada ya muda ungesikia, "Umeshika?" na mimi nikajibu nimeshika, na bolti ikaendelea kuingia. Sijawahi kuwa karibu na mtu yeyote kama nilivyokuwa karibu na mama yangu siku zile, na katikati yetu kulikuwa na bati.

Adeer aliendelea kuja. Bati likishakazwa aliligonga, akasikia halipigi tena makofi, akafurahi. "Mashallah, shemeji, kazi safi," alisema akiwa amesimama mbali kidogo kwa heshima ya eda. "Hii ya nyuma bado inalia. Na ile ya juu ya mlango, usiisahau." Aliizunguka nyumba kama mtu aliyetoa oda. Mama alimshukuru. Ayeeyo alibaki kwenye mkeka wake. Alikuwa anapaka bolti mafuta huku akimtazama mwanawe, na mimi nilidhani anamtazama kwa mapenzi.

Eda iliisha. Mama alioga, akavua nguo nyeupe, akavaa gauni lake la kijani, na nakumbuka nilidhani sasa tutahama, maana nyumba ilikuwa imekazwa yote na Ayeeyo alishasema kuwa nyumba hukazwa kwa ajili ya safari. Siku iliyofuata Adeer alikuja asubuhi badala ya alasiri, na hakuwa peke yake. Alikuwa na mwanamume mnene mwenye viatu vya vumbi, mwenye maduka huko Takaba, aliyekuwa akitafuta gari la kufanya duka la kutembea kwenye masoko ya mifugo. Mama akawatengenezea chai, kwa kuwa mgeni ni mgeni.

Yule mtu wa Takaba hakuinywa chai yake mara moja. Aliinuka, akaiendea nyumba, akagonga bati kwa vifundo vya vidole, akainamisha sikio. Akasogea, akagonga jingine. Namna ile ile. Mimi nilisimama na sahani ya mahamri mkononi, nikamtazama mgeni ambaye hakumjua baba yangu, hakuwa na cha kumwomboleza, anaigonga nyumba yetu kama Adeer.

"Haina kelele," alisema. "Imekazwa vizuri."

"Nilihakikisha," akajibu Adeer.

Nilihakikisha. Hilo ndilo neno alilotumia, na chai ya mama ikiwa mkononi mwake. Mama yangu alikuwa na malengelenge yaliyopasuka juu ya malengelenge. Yeye alikuja na halwa na kanzu ya pasi, akangoja mjane amtengenezee mali ya kuuza, na kila alasiri akaja kuangalia imefikia wapi. Laiti angekuja tu baada ya mazishi akasema waziwazi, "Nalitaka hilo gari," ningemwona mchoyo, basi. Lakini yeye alituacha tufanye kazi. Aliniacha nimpende.

Kisha akamweleza mama, kwa upole kabisa, jinsi mambo yatakavyokuwa. Gari la kaka yake lingeuzwa. Mama angepata nafasi kwenye lori linalokwenda Wajir arudi kwa watu wake, kwani hapa hana nyumba. Mimi ningebaki. "Mtoto ni wetu," alisema. "Ataishi kwangu na watoto wangu." Desturi ingemruhusu hata kumwoa mjane wa kaka yake kama mama angekubali, lakini alikuwa na wake wawili tayari na hakutaka wa tatu. Alitaka gari.

Mama aliniangalia, akaiangalia nyumba, akamwambia, "Shemeji, mimi sitoki." Ayeeyo alisema jambo hili lipelekwe kwa wazee wa ukoo. Adeer alikubali haraka mno.

Wazee watatu waliketi sebuleni kwa Adeer. Wakala mbuzi wa Adeer, wakanywa chai ya Adeer, wakafuta mikono kwa taulo la Adeer, kisha wakaulizwa kama Adeer ana haki. Wanawake tulikaa nje kwenye baraza, karibu na dirisha. Kurani imetaja waziwazi fungu la mke na fungu la binti, na wazee wale walikuwa watu wa swala tano. Hakuna aliyelitaja la mama, na hakuna aliyelitaja langu. Walizungumza habari ya gari tu.

Adeer alisema kilicho na injini ni gari, gari ni mali ya mwanamume, na mwanamume huyo alikuwa kaka yake. Ayeeyo akasimama mlangoni akawakumbusha yale baba aliyoyasema siku ya harusi.

"Mama mzee, hiyo ilikuwa mzaha ya harusi," mmoja wao alimwambia. "Kitu iko na usukani ni gari."

"Na kitu iko na kitanda?" Ayeeyo akauliza. "Na jiko? Nani alifunga mabati yake? Huyu kijana yangu alikaza bolti ngabi? Mwambie aoneshe mkono yake."

Adeer hakuonesha mkono. Wazee walinong'onezana. Hawakutaka kumwudhi mwenye mbuzi, na hawakutaka laana ya mama mtu mzima aliyesimama mlangoni, wakatafuta njia ya katikati ambayo ingemfurahisha kila mtu na isimpe mama chochote. Mkubwa wao akakohoa, akaamua. Gari ni la ukoo, alichukue ndugu wa marehemu. Nyumba ni ya mwanamke, kama mila inavyosema, na aondoe nyumba yake kabla ya Ijumaa. Wakatazamana, wakatabasamu. Nyumba, kwao, ilikuwa magodoro, sufuria, mikeka na vibuyu.

Mama akasogea karibu na dirisha. Sasa akauliza kupitia dirishani, "Mzee, nyumba ni yangu?"

"Ni yako, binti yangu. Hakuna mtu atakugusia."

"Na gari la shemeji?"

"La shemeji yako."

"Naomba na yeye aseme amekubali."

"Nimekubali," Adeer akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kumaliza na kwenda kulala.

"Na mimi nimekubali," mama akasema, akanishika mkono tukaenda zetu. Mimi nililia njia nzima. Nilidhani mama amekubali kupelekwa Wajir na kuniacha. Yeye hakulia, na Ayeeyo, aliyekuwa nyuma yetu, alikuwa tayari anapita kwenye milango ya jirani, akisimama kidogo katika kila mmoja.

Alfajiri iliyofuata, mara baada ya sala, wanawake wa bula walianza kuingia uani. Walikuja kama wanavyokuja siku ya kuhama, kila mmoja na kanga kiunoni, wengine wamefunga watoto mgongoni. Mtu haivunji aqal peke yake. Mama aliigawa kazi. Akachukua spana, akanipa na mimi yangu, akaniambia niingie ndani.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

Safari hii alizungusha upande wa pili. Bolti ilitoka kama inatoka kwenye siagi. Mafuta ya Ayeeyo yalikuwa bado yanang'aa kwenye nyuzi zake, hakuna iliyogoma. Kama tungepiga ribiti kama alivyotaka Adeer, siku ile tungekuwa na mikono mitupu na machozi. Bati la kwanza likashuka mikononi mwa wanawake, mwanga ukaingia mahali ambapo maisha yangu yote palikuwa ukuta, na mama akawa amesimama pale mbele yangu, jasho limemjaa usoni. Hakuwa analia. Alikuwa na uso ambao sikuwahi kuuona, na hata sasa nikitaka kujua hasira safi ni nini, naukumbuka huo.

Mabati ya ubavuni yalishuka, ya nyuma yakashuka, paa likashushwa kwa mikono zaidi ya ishirini huku wanawake wakiimba nyimbo za safari. Mlango, madirisha, kitanda, sinki. Mifupa yenyewe, ile fremu ya chuma, ilifunguliwa kutoka kwenye chesisi, ule uti wa chini wenye magurudumu, na kubebwa nzima nzima hadi upande wa pili wa kiwanja, ambacho kilikuwa cha Ayeeyo na hakuna mzee aliyekuwa amekiulizia. Kila bati liliwekwa pamoja na bolti zake. Cha gari mama hakukigusa. Usukani, kiti cha dereva, injini, betri, magurudumu, hata vioo vya pembeni, vyote alimwachia shemeji yake. Mwishowe akachukua ufagio akaifagia chesisi, kama mpangaji mwema anayerudisha chumba cha watu.

Adeer alifika na mtu wa Takaba jua likiwa limepanda. Mtu wa Takaba alikizunguka kile kilichobaki. Hapakuwa na kitu cha kugonga.

"Uliniambia gari lenye chumba," alisema. "Mimi sukari nitauzia wapi, juu ya injini?" Akaaga kwa heshima, akaondoka.

Adeer alimgeukia mama. "Umeharibu gari."

"Gari lako lile pale, shemeji," mama akasema. "Liwashe uone kama kuna nilichokiharibu."

Akaliwasha, masikini. Likawaka. Alikaa pale juu, kanzu yake ya pasi ndani ya moshi, mbele ya bula nzima, na alipoona watoto wanaanza kucheka akalizima, akaenda kuwaita wazee.

Na wazee walikuja. Hawakuja siku mama alipokuwa na kidonda cha mkono. Hawakuja siku upepo ulipokuwa unaingia kitandani kwetu. Siku hii walikuja upesi, wote watatu, na fimbo zao, wakasimama katikati ya vitu vyetu vilivyotandazwa chini, na yule mkubwa akaanza kumweleza mama kuhusu huruma. Alimwambia mwanamke mwema hana roho ngumu. Alimwambia shemeji yake ameaibika mbele ya watu na aibu ya mmoja ni ya ukoo. Alimwomba arudishe angalau mabati ya mbele na paa, kwa ajili ya undugu. Walipokuwa wanamtoa mama kwenye nyumba yake na kumtenga na mwanawe, huruma haikutajwa hata kwa bahati mbaya. Sasa ilikuwa imepatikana, na waliyemwendea kuidai alikuwa mama.

Mama alikuwa amepiga magoti anaifungia fremu bati la kwanza, spana mkononi. Aliwasikiliza mpaka wakamaliza, kwa adabu, bila kuwakatiza.

"Wazee wangu, nyinyi mliamua vizuri," aliwaambia. "Mimi nimeridhika. Sasa naomba msogee kidogo, mmesimama juu ya ukuta wangu."

Wakasogea.